Zamu ya Kufua

Onésime alirudi kutoka shuleni kwa mwanawe, akavua viatu mlangoni bila kuvipanga. Mama yake, Perpétue, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, aliviona vile viatu kabla hajamwona mwenyewe usoni. Onésime ni mtu wa kupanga viatu. Hupanga hata vya wageni. Siku hiyo kimoja kilikuwa kimelala ubavu, na theluji iliyogandamana chini yake ilikuwa inayeyuka juu ya zulia.

Alikuwa ameitwa na mwalimu, kama wazazi wote pale Tensta, huku Uswidi, wanavyoitwa kila muhula, kukaa kwenye kiti kifupi na kuelezwa habari za mtoto. Mtoto mwenyewe, Aurore, mwenye miaka minane, aliingia nyuma ya baba yake akiimba, akambusu bibi yake shavuni, akaenda kunawa mikono. Kwa hiyo, Perpétue akawaza, mtoto haoni ubaya wowote. Ubaya ameuona baba peke yake.

Habari ilitoka wakati wa chakula, na Onésime aliitoa akiwa anaongea na sahani yake. Aurore angekwenda Kampala mwezi wa nane. Kulikuwa na shule ya bweni huko ambayo Mzee Firmin wa kanisani anaijua, walikosoma watoto wa dada yake wakatoka na Kiingereza na adabu. Mambo yote yalikuwa yameshazungumzwa na Firmin kwenye simu. Koko, kama Aurore anavyomwita bibi yake, ndiye angempeleka, maana yeye Onésime hawezi kuacha basi analoendesha wala mkewe hawezi kuacha wazee wake, na Koko angekaa huko kidogo mpaka mtoto azoee. Laurence, mkewe, aliyekuwa bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, aliweka kijiko chini na hakukishika tena. Aurore aliuliza kwa Kiswidi kama Kampala kuna theluji.

Perpétue alingoja mtoto aende kutazama katuni, ndipo akauliza mwalimu amesema nini hasa.

"Amesema anacheza," Onésime akajibu. "Aurore anacheza vizuri sana, ndivyo alivyosema. Ametengeneza mchezo. Akautoa kabatini akanionyesha. Vifuniko vya soda na soksi, Mama."

"Na baada ya hapo?"

"Akatabasamu. Mwalimu akikuambia mtoto wako anacheza, halafu akatabasamu, ujue amekuhurumia. Baba alikuwa anaandikaje?"

Swali hilo lilimchoma Perpétue. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwao Uvira, kabla hawajavuka ziwa kukimbia vita, mtu mpole ambaye hakupenda kumwandika mtoto wa mwenzake kuwa mjinga. Mtoto akishindwa kabisa, aliandika kwenye karatasi ya matokeo: anacheza sana. Mzazi alisoma maneno hayo mawili, akakunja karatasi, akaenda nyumbani kutafuta fimbo. Hakuna aliyehitaji kuongezewa maelezo. Onésime naye alipofundisha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, upande wa Tanzania, aliandika hivyo hivyo. Sasa alikuwa amesikia maneno ya baba yake kutoka kinywani mwa mwanamke wa Kiswidi, na aibu ilikuwa imemkaba.

Lakini vifuniko vya soda na soksi. Aliyatamka kama mtu anayetaja takataka. Perpétue alirudia kuchambua mchele wa kesho, uliokwisha kuchambuliwa. Mchezo ule aliujua tangu ulipozaliwa. Ulizaliwa mbele ya macho yake, chini kabisa ya jengo lao, katika chumba cha kufulia.

Chumba hicho ni cha wapangaji wote. Ukutani pana ubao wenye siku za wiki na saa, na kila nyumba ina kufuli yake ndogo yenye namba. Unaitia kufuli kwenye tundu la saa unayoitaka, na kuanzia hapo saa hiyo ni yako, mtu asikuguse. Waswidi wanaweza kukusamehe mengi. Zamu ya kufua hawasamehe.

Mwaka wa kwanza Perpétue aliteseka pale kuliko alivyoteseka na baridi. Aliona namba kumi ubaoni, akatia kufuli, akashuka na kapu lake saa kumi, jua likielekea kuzama, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeshuka saa kumi. Akakuta mashine zinazunguka na nguo za watu wengine. Kumbe kumi ya ule ubao ilikuwa ni saa nne asubuhi, imeshapita zamani. Siku nyingine alifua ndani ya zamu ya mtu bila kujua. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alimwinulia kidole mbele ya watu, akimpigia kelele polepole, neno kwa neno, kama anayesema na kiziwi. Siku nyingine tena alikuta nguo zake zimemwagwa mezani zikichuruzika maji, na karatasi juu yake. Hakuhitaji kuisoma ile karatasi. Mistari iliyopigwa chini ya maneno ilitosha.

Mara moja tu ilikuwa tofauti. Alishuka amechelewa, akakuta mtu ametoa nguo zake, amezikausha, na kuzikunja. Soksi za Aurore zilikuwa zimepangwa mbili mbili, kisigino juu ya kisigino. Hakuna karatasi. Miezi mingi baadaye alikuwa bado anawatazama majirani usoni ndani ya lifti, akitafuta ni nani kati yao amshukuru.

Onésime alijaribu kumfundisha. Hilo Perpétue hakumnyima. Alimketisha mezani na daftari, akamchorea saa, akamwambia, Mama, saa yetu ongeza sita, saa yao toa sita. Mama, hapa unafanya nini, unaongeza au unatoa? Kila alipokosea, Onésime aligonga meza kwa kalamu. Hakugonga kwa nguvu. Ni ule mgongo tu wa kalamu, ko. Baada ya ko mbili tatu namba zote zilimtoka Perpétue kichwani, akabaki akingojea ko nyingine. Mwisho Onésime alifunga daftari akasema basi, Laurence atakuwa anaweka kufuli.

Aurore ndiye aliyeuliza kwa nini. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la chumba cha kufulia, siku ya zamu iliyowekwa na Laurence, na mtoto akataka kujua kwa nini Koko hajui saa na hali ameshakuwa mzee. Perpétue alimweleza kwamba anaijua sana. Kule kwao saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, siku inapoanza, na saa mbili ndiyo ya pili yake. Hawa wa huku wanaanza kuhesabu usiku wa manane, wakati mtu aliyesimama na kuhesabu ni mwizi peke yake.

Mtoto alicheka, kisha akaikazia macho saa ya ukutani. Akaendelea kuikazia mpaka mashine ikaanza kukamua.

"Koko," akasema, "saa yako iko ng'ambo."

Akapanda juu ya benchi akamwonyesha kwa kidole. Mshale wao ukiwa kwenye kumi, wa Koko uko kwenye nne, moja kwa moja upande wa pili, kama watu wawili waliokaa wakitazamana mezani. Wao saba, Koko moja. Wao tisa, Koko tatu. Hakuna kuongeza wala kutoa. Unatazama ng'ambo tu.

Kutoka hapo mchezo ukaja wenyewe. Aurore alikata duara kwenye boksi la sabuni ya unga, akagundisha vifuniko kumi na viwili vya soda pembeni yake. Kila mchezaji alikuwa kibanio cha nguo, na kila mmoja alipewa soksi zake, zile za utotoni zilizopoteza wenzao, za kutafuta kuoanisha. Unaokota kadi, kadi inakutajia saa, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiswidi, na siku pia, na wewe unabana kibanio chako kwenye kifuniko cha ng'ambo. Ukikosea, soksi yako imeangukia nyuma ya mashine. Ukichelewa nusu saa umepoteza zamu, maana kanuni hiyo imebandikwa ukutani pale pale chumbani. Aurore alikuwa na kanuni za adhabu nyingi, kama watoto wote. Perpétue akaomba aongeze moja yake: anayekunja nguo za mtu mwingine anasogea hatua moja. Mtoto aliona inafaa.

Walicheza majira yale yote ya baridi. Siku za wiki kwa Kiswidi, ambazo katika darasa la lugha la watu wazima zilikuwa zinamponyoka Perpétue kama samaki, zilimkaa kwa sababu alizihitaji ili apate soksi yake. Kufika Pasaka alikuwa anashuka mwenyewe na kuweka kufuli mwenyewe, na yule mama wa ghorofa ya tatu hakupata tena sababu ya kuinua kidole. Laurence alijua, akamkumbatia jikoni. Onésime hakuuliza.

Na huo ndio mchezo ulioitwa vifuniko na soksi.

Wiki ile ile darasa la Aurore liliwaalika wazazi kuja alasiri moja kucheza michezo ambayo watoto wameitengeneza. Onésime alisema hawezi kwenda kuhurumiwa mara ya pili. Laurence alikuwa kazini. Perpétue alivaa kitenge chake kizuri chini ya koti, akaenda.

Alitegemea kumwona mjukuu wake kwenye kona na boksi lake. Akakuta meza nne, na kwenye kila meza duara la vifuniko. Mwalimu, mwanamke mnene wa makamo aitwaye Ann-Britt, alikuwa ameutengeneza mchezo wa Aurore mara nne ili darasa lote lijifunzie saa. Alipomwona Perpétue anavitazama vile viti vifupi, alitoka, akarudi amebeba kiti cha watu wazima kutoka chumba kingine, akakiweka karibu na dirisha palipokuwa na joto. Perpétue aliliweka hilo moyoni.

Kando yake alikaa mama mmoja kutoka Ethiopia. Walikuwa hawana lugha ya pamoja zaidi ya salamu. Yule mama aliokota kadi, akabana kibanio chake ng'ambo bila hata kufikiri, akashtuka, akamtazama Perpétue. Akaweka kidole kwenye nne, akakipitisha katikati ya duara mpaka kumi, akajipiga kifuani. Kwao pia saa iko ng'ambo. Perpétue naye akajipiga kifuani. Wakacheka mpaka watoto wakawataka wanyamaze wacheze.

Watu walipokuwa wanavaa makoti, Perpétue alimwendea mwalimu. Hakutaka mtoto amtafsirie jambo hili. Alikuwa ameyapanga maneno yake machache ya Kiswidi njia nzima, akamuuliza: Aurore, anashindwa?

Ann-Britt hakuelewa kwanza. Alipoelewa alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaeleza polepole, bila kupiga kelele, kwamba Aurore anasoma vizuri na kuhesabu mbele ya wenzake, na kwamba mtoto anayeweza kutunga mchezo wenye kanuni, ambao watu wazima wanajifunza ndani yake, yeye katika miaka yake yote ya kazi hajapata wengi. Ndivyo alivyomwambia baba yake. Alidhani baba amefurahi.

Perpétue alirudi nyumbani amemshika mtoto mkono, na kila hatua hasira ilikuwa inapanda. Yeye si mtu wa hasira. Kambini alipanga foleni ya maji miaka mingi bila kumsukuma mtu. Lakini mtoto huyu amekaa chini ya ardhi, kwenye mvuke wa sabuni, akamwona bibi yake anaona aibu, akaitafutia aibu hiyo dawa kwa vifuniko vya soda. Mwalimu ameona. Mgeni kutoka Ethiopia ameona. Aliyemzaa ndiye anayemfungia mizigo.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Firmin alikuja. Alikaa kwenye kiti cha katikati, akatia sukari nyingi kwenye chai, akaanza kuwapongeza. Alisema shule za huku ni bustani ya kulelea watoto tu. Alisema mtoto wa miaka minane kule nyumbani anasimama na kukuimbia hesabu za kuzidisha bila kupepesa macho, na huku wa miaka minane anakata maboksi. Onésime alikuwa anaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa chini. Laurence alisimama mlangoni. Aurore alikuwa ametumwa kwa jirani.

Perpétue aliuliza kama anaruhusiwa kusema. Firmin akatabasamu.

"Sema, Mama yetu. Uzeeni mabibi wote wanakuwa mawakili wa wajukuu."

"Mzee Firmin, zamu yako ya kufua ni saa ngapi?"

Firmin alimtazama Onésime, kana kwamba swali limetoka huko. Akasema mambo hayo anayajua mke wake. Laurence alicheka mlangoni, kicheko kifupi, akakifunika na mkono.

"Basi sina swali jingine kwako," Perpétue akasema. Akamgeukia mwanawe. "Wewe nakuuliza. Nyumba hii nani anaweka kufuli ubaoni?"

"Laurence."

"Sijaigusa tangu Pasaka ya mwaka jana," Laurence akasema. "Anaweka Mama."

Onésime aliinua macho.

"Ulinifundisha saa ukagonga meza," Perpétue akaendelea. Sauti yake haikupanda, na Laurence alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha. "Sikulaumu, ndivyo ulivyofundishwa. Mimi nikashindwa, ukafunga daftari. Mwanao hakufunga. Alinitengenezea vile vifuniko na soksi, na mimi bibi kizee nikajua saa ya Uswidi. Leo darasa lake lote linajifunza saa kwa mkono wake. Nimekwenda, nimeona. Nimemuuliza mwalimu kwa mdomo wangu kama mtoto anashindwa, karibu alie."

"Mama, alitabasamu."

"Alitabasamu kwa sababu alifurahi. Kuna watu hufurahi, Onésime."

Firmin aliweka kikombe chini, akasema kwa upole kwamba mipango imeshafika mbali, na kwamba watoto hawafi kwa kusoma bweni. Perpétue hakumtazama.

"Mimi ndiye niliyewekwa kumpeleka," akasema, "na hamkuniuliza. Sasa sikilizeni. Nilivuka ziwa na watoto wangu kwa sababu ya risasi. Wewe ulikuwa mkubwa, unakumbuka. Nilikimbiza watoto kwa sababu walikuwa karibu kuuawa. Sitamkimbiza mjukuu wangu kwa sababu amesifiwa. Mtafuteni mwingine wa kumshika mkono mpaka uwanja wa ndege. Na huyo mtakayempata, mwambieni apite kwangu kwanza."

Alibeba vikombe kwenda jikoni, na cha Firmin pia, kilichokuwa bado na chai. Onésime alivaa koti lake la kazi mapema kuliko zamu yake ilivyohitaji, akatoka. Wiki nzima aliingia na kutoka. Perpétue alimwekea chakula kama siku zote, akakifunika kisipoe, na hakumsemesha. Aurore aliuliza tena habari za theluji ya Kampala, na bibi yake akamjibu kwamba hajui, wala hana haja ya kujua.

Jumamosi zamu yao ilikuwa kwenye ile kumi ya ubao, saa nne ya Perpétue. Alishuka na kapu, Aurore na boksi lake chini ya kwapa. Kijana mmoja wa Kisomali aliyekuwa anapanda ngazi alirudi chini kuwafungulia ule mlango mzito wa chuma. Wakatia nguo, wakapanga vifuniko, wakacheza. Ilikuwa imepita saa nne na nusu kwa mbali mlango ulipofunguliwa tena, akaingia Onésime.

Alisimama katikati ya chumba akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Akasema kwamba jana, alipomaliza zamu, alipita shuleni.

"Kufanya nini?" Perpétue aliuliza, akiokota kadi.

"Kumuuliza tena. Alifikiri simsikii Kiswidi. Akarudia, halafu akaniletea kahawa." Akaitia mikono mfukoni. "Baba angeandika vile, ingekuwa fimbo."

"Baba yako hayupo darasani pale. Na Firmin?"

"Nimempigia. Nimemwambia haendi."

Aurore, aliyekuwa hasikilizi ni nani haendi wala wapi, alikuwa anatafuta soksi ya bluu. Onésime akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, magoti yakamfika kifuani. Akaokota kibanio kimoja cha mbao, akauliza yeye anaanzia wapi.

Mtoto alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama baba yake kwa huruma nyingi.

"Umechelewa, Baba. Zaidi ya nusu saa. Umepoteza zamu."

Onésime alimtazama mama yake. Perpétue alikuwa bado ana hasira. Ilikuwa imebaki kiasi cha makaa chini ya majivu ya jiko la jioni, na hakuwa na haraka ya kuizima. Akamwonyesha kwa kidevu ile kanuni iliyobandikwa ukutani.

"Soma. Wewe unajua kusoma."

Akasoma, midomo ikicheza. Akakirudisha kibanio mezani.

Mashine ya kukausha ilikuwa imesimama. Perpétue aliinuka, akatoa rundo la nguo za moto, sare za Laurence na suruali ndogo za Aurore, akamwekea mwanawe mapajani.

"Kunja. Hizo si zako. Ukikunja za mtu mwingine unapata hatua moja."

Onésime alikunja sare ya mkewe. Aliikunja vibaya, mkono mmoja ukaning'inia nje. Perpétue akaipokea, akaifungua, akainyoosha, akamrudishia. Hakugonga meza.